Jinsi ya kumtambua tumbusi katika Mbuga ya Nairobi

MBUGA ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, husifiwa kwa simba na vifaru, lakini ina pia aina zipatazo 400 za ndege.

Alfajiri ni zamu ya ndege wadogo, na hapo sikio humfaa mtazamaji kuliko darubini. Tumbusi huchelewa. Hungoja jua lipashe hewa moto, kisha hupanda nayo wakizunguka bila kupiga mabawa.

Wengi humwita kila ndege mkubwa "tai", na makosa huanzia hapo. Tai ana kichwa chenye manyoya kamili na kucha za kukamatia windo. Tumbusi hula mizoga, na shingo yake karibu ni tupu.

Ugumu hasa ni kutenganisha tumbusi wenyewe. Tumbusi mgongo-mweupe aliyekomaa ana mdomo mweusi, na weupe wa mgongo huonekana ageukapo angani. Tumbusi wa Rüppell ana mdomo wa manjano hafifu na manyoya yenye kingo nyeupe, mfano wa magamba ya samaki. Makinda yao huwatatiza hata wazoefu.

Mwaka 2015 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliziweka aina zote mbili katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sababu mojawapo kubwa ni sumu: mzoga ukitiwa sumu ili kumwua simba au fisi aliyekula ng'ombe, tumbusi makumi kadhaa huweza kufa pamoja.

Ndiyo maana mtazamaji asiye na hakika huandika "tumbusi" pekee katika daftari lake, kwa kuwa jina la kubahatisha huvuruga hesabu ya waliosalia.