Newala waliupa ugonjwa jina. Na sisi pua zetu?

Wadau, leo tuzungumze kuhusu pua. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka huko, lakini subiri kwanza. Kabla ya pua, twende Newala.

Mwaka 1952 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na huku kwetu kukiitwa Jimbo la Kusini. Juu kwenye uwanda wa Makonde ukazuka ugonjwa wa ghafla. Mtu anaamka mzima, mara homa kali imempiga, viungo vinauma kiasi kwamba hawezi kunyooka. Homa ilipita baada ya siku chache, lakini kuna waliobaki na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi, hata miezi. Wamakonde hawakusubiri daktari awaambie wanaumwa nini. Waliuita chikungunya, neno la Kimakonde la kujikunja na kupinda.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa wale, na mtafiti W.H.R. Lumsden akaandika namna ugonjwa ulivyosambaa. Makala zao zilichapishwa mwaka 1955. Kirusi chenyewe kilipatikana katika damu ya mgonjwa mwaka 1953. Kwenye kukipa jina, wataalamu wakachukua lile lile la wanakijiji.

Basi leo dunia nzima inatamka Kimakonde bila kujua. Ugonjwa huo ulipofika Lamu mwaka 2004 uliitwa chikungunya. Mwaka 2005 na 2006 uliwakumba watu zaidi ya 260,000 katika kisiwa cha Réunion, yaani zaidi ya theluthi moja ya wakazi, na Wafaransa nao wakasema chikungunya. India vilevile, na Brazil vilevile.

Sasa turudi kwenye pua. Kuna dalili nyingine ya kirusi iliyopita humu mwetu, Magomeni na Mtwara yote, na hiyo haikupata jina.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku chache baadaye, huko Uingereza, madaktari wa pua, masikio na koo wakiongozwa na Claire Hopkins na Nirmal Kumar walitoa tahadhari: kuna watu wanapoteza uwezo wa kunusa ghafla, wengine bila homa wala kikohozi, na huenda ni korona. Serikali yao iliingiza dalili hiyo kwenye orodha rasmi tarehe 18 Mei 2020.

Sisi wakati huo tulikuwa tumeshaacha kuhesabu. Hesabu ilisimama mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni Rais John Magufuli akatangaza kwamba nchi imekuwa huru. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilipoongezeka, tukazoea kusikia kwamba marehemu alikuwa na "changamoto ya kupumua". Ni hadi tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani na kuzindua chanjo, ndipo ugonjwa ulipoanza kutajwa tena kwa sauti ya kawaida.

Fikiria basi mtu aliyepoteza harufu katika miezi ile. Angemwambia nani? Ugonjwa wenyewe haukuwa na ruhusa ya kutajwa, sembuse pua yake! Watu walijifukiza nyungu ya mkaratusi, limau na tangawizi, na kama hukuhisi harufu hata ya mkaratusi, ulisema tu mafua yamebana. Hakuna aliyekuuliza.

Hebu tuone kinachotokea humo ndani. Juu kabisa ya pua kuna utando mdogo wenye mishipa ya fahamu inayonasa harufu na kuipeleka kwenye ubongo. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kirusi cha korona hakianzi na mishipa yenyewe. Kinashambulia seli zinazoilea, zile zinazoishikilia na kuilisha. Walezi wakiumia, mishipa nayo inazimika. Hali hiyo madaktari wanaiita anosmia. Wala si korona tu: mafua ya kawaida na homa ya influenza vimekuwa vikiiba harufu za watu tangu zamani, na taarifa za aina hiyo zipo hata kutoka homa kuu ya 1889 na 1890 iliyozunguka dunia.

Wengi hupona ndani ya wiki chache. Lakini uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2022 ulikadiria kwamba kama watu 5 hadi 6 katika kila 100 hubaki na tatizo kwa miezi mingi. Na kwa baadhi yao, harufu hurudi ikiwa imepinda. Hiyo inaitwa parosmia. Mishipa inaota upya, lakini ujumbe unafika kichwani ukiwa nusu nusu. Vitunguu vikikaangwa vinatoa uvundo. Kahawa inakuwa kama mpira unaoungua. Kuku wa kuchoma hakaribiki.

Hapa Kiswahili chetu kina utajiri wa ajabu. Tunasema udi unanukia, lakini samaki aliyeoza ananuka. Silabi moja tu inatenganisha kizuri na kibaya. Mgonjwa wa parosmia amenyang'anywa silabi hiyo: vyote vilivyokuwa vinanukia, sasa vinanuka. Nimelieleza hivyo kwa mama lishe mmoja hapa Magomeni, akanielewa kabla sijamaliza sentensi. Tangu mwaka 2021 vitunguu vikiingia kwenye mafuta yeye hutoka nje, na mchuzi wa nazi huonjwa na binti yake.

Msidhani ni jambo la anasa. Ulimi peke yake unajua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezi wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha, ya ming'oko, ya pweza, ya kisamvu cha nazi, yanapitia puani. Msimu wa korosho ukifika, harufu ya mabibo inajaa mji mzima, na kuna mtu anapita katikati yake kama anapita kwenye hewa tupu. Kuna anayenunua samaki Feri bila kujua kama wamelala. Na tusisahau gesi. Hii gesi asilia ya Mnazi Bay tunayojivunia haina harufu yenyewe, na ya mitungi huongezwa kemikali inayonuka makusudi ili ikivuja ushtuke. Asiyenusa hashtuki.

Habari njema ni kwamba kuna mazoezi. Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, na wenzake walichapisha matokeo ya njia rahisi: mgonjwa ananusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, huku akijitahidi kukumbuka kila harufu ilivyokuwa. Unajua ni zipi? Waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Nilicheka. Marashi ya waridi yapo kwenye kabati la kila bibi wa pwani, karafuu ziko Zanzibar, limau na mkaratusi ndiyo nyungu yetu yenyewe! Mazoezi hayo hayamponyi kila mtu, lakini hayana madhara na dawa zake ziko jikoni. Ila huwezi kumpa mtu mazoezi ya ugonjwa ambao hajawahi kuutaja.

Ndiyo maana nimeanza na Newala. Wale wazee hawakuwa na darubini wala maabara. Walikuwa na neno, na walikuwa na watu waliokaa chini wakawasikiliza na kuandika. Bila hayo mawili, chikungunya ya 1952 ingebaki "homa fulani ya kusini".

Kwa hiyo nawaomba kazi mbili, wadau. Kama una bibi au babu kule uwandani anayeikumbuka homa ile, muulize sasa, maana aliyekuwa mtoto wa miaka 8 mwaka 1952 ameshavuka 80. Na kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeacha ghafla kula kitunguu, au asiyejua tena chakula kinaungua, usimtanie. Muulize ilianza lini, na baada ya ugonjwa gani. Andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema, kisha mpeleke kwa daktari wa pua, masikio na koo. Akishapata jina lake mwenyewe la hali hiyo, kwa Kiswahili au kwa Kimakonde, naomba nilisikie.