COOKHAM: KIJIJI CHA MTO THAMES NA KUMBUKUMBU ZAKE



Tulipokuwa shuleni tulisoma historia ya Uingereza kwa kukariri majina ya wafalme na miaka ya vita. Tulijua mfalme gani alimfuata nani, lakini hatukujua mtu wa kawaida wa huko aliishije, alivuka mto kwa njia gani, wala ng'ombe wake walilishwa wapi. Katika makala haya nitaeleza habari za kijiji kimoja tu, Cookham, kilichoko katika jimbo la Berkshire, kando ya Mto Thames, zaidi ya kilomita 40 magharibi ya London. Nia yangu ni kuonyesha kwamba historia ya kijiji ina uzito kama historia ya ikulu.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kijiji hiki si cha vibanda vichache na mashamba. Kina wakazi zaidi ya elfu tano, maduka, shule, makanisa na stesheni ya reli. Kimegawanyika katika sehemu tatu: Cookham yenyewe, iliyo ya kale, karibu na mto na kanisa, Cookham Rise, iliyokua kando ya stesheni, na Cookham Dean, iliyoko juu mlimani. Hata hivyo wenyeji wenyewe wanakiita kijiji, wala hawapendi kiitwe mji.

Kesi ya ardhi ya mwaka 798

Habari za kale za Cookham zinaanza na ugomvi wa ardhi, jambo ambalo sisi nasi tunalifahamu sana. Katika karne ya 8 palikuwa na monasteri mahali hapo. Mfalme Æthelbald wa Mercia aliitoa, pamoja na ardhi yake, kwa kanisa kuu la Canterbury. Baadaye hati zikaibwa na kupelekwa kwa mfalme wa Wessex, dola iliyokuwa ikishindana na Mercia. Kisha Mfalme Offa wa Mercia akaichukua Cookham kwa nguvu zake, na Canterbury ikabaki kulalamika mikono mitupu.

Offa alifariki mwaka 796. Mjane wake, Malkia Cynethryth, aliingia utawani akawa mama mkuu wa watawa wa Cookham. Mwaka 798 shauri likaletwa mbele ya baraza la maaskofu na wakuu. Suluhu iliyofikiwa ni kwamba Cynethryth abaki na Cookham, naye ampe Askofu Mkuu wa Canterbury ardhi nyingine katika jimbo la Kent. Hivyo mama huyu aliimaliza kesi ambayo wanaume watatu wenye mataji walikuwa wameivuruga.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja habari hizo zilibaki katika maandishi tu. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole monasteri ilisimama wapi hasa. Mwaka 2021 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Reading walichimba katika kiwanja kilicho jirani na Kanisa la Utatu Mtakatifu. Wakakuta alama za majengo ya mbao, vyungu vya kupikia, mabaki ya chakula, bangili nyembamba ya shaba nyeusi na pini ya nguo. Kumbe watawa walikuwa chini ya nyasi zile zile ambazo wanakijiji walizipita kila Jumapili wakienda kusali.

Mto, daraja na reli

Uhai wa Cookham umetegemea mto. Kabla ya daraja, watu walivushwa kwa mashua. Daraja la kwanza, la mbao, lilijengwa mwaka 1840, na mwaka 1867 likajengwa la chuma ambalo linatumika mpaka leo. Lakini daraja lilikuwa mali ya kampuni, na kila aliyevuka alilipa ushuru. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1947, serikali ya jimbo iliponunua daraja na kufuta malipo. Nyumba ndogo ya mtoza ushuru bado ipo pale pale.

Reli ilifika mwaka 1854, na tangu hapo kijiji kikabadilika. Watu wa London walianza kuja kupumzika kando ya mto, kupanda mashua na kutazama mashindano ya makasia. Wengine wakajenga nyumba na kubaki. Mwandishi Kenneth Grahame aliletwa Cookham Dean kwa bibi yake akiwa mtoto mdogo, baada ya kufiwa na mama mwaka 1864. Alirudi kuishi huko mwaka 1906, na mwaka 1908 kikatoka kitabu chake mashuhuri cha wanyama wa kando ya mto, The Wind in the Willows.

Mto huohuo unaoleta wageni huleta pia mafuriko. Mwaka 1947 na tena mwaka 2014 maji yalifunika sehemu kubwa za bonde hilo. Kwa sababu hiyo, katika uwanja wa wazi uitwao Cookham Moor, kuna njia ya miguu iliyoinuliwa, ili watu waweze kupita maji yanapojaa.

Kuhesabu batamaji

Kila mwaka, katika wiki ya tatu ya Julai, hufanyika shughuli ya kuhesabu batamaji, wale ndege weupe wenye shingo ndefu. Tangu karne ya 12 ufalme umedai kuwamiliki, kwa kuwa zamani nyama yao ilikuwa kitoweo cha karamu za wakubwa. Katika karne ya 15 vyama viwili vya kale vya London, cha wauza mvinyo na cha watia rangi nguo, vilipewa haki ya kuwa na batamaji wao. Hadi leo wapiga makasia wa mfalme na wa vyama hivyo hupanda mto kwa siku tano, wakipita Cookham, huku watu wakijaa ukingoni kuwatazama.

Siku hizi hakuna anayewala. Ndege hukamatwa, hupimwa, huangaliwa kama wana majeraha ya ndoano za wavuvi, huvishwa pete mguuni na kuachiliwa. Desturi iliyoanza kwa ajili ya tumbo la mfalme imegeuka kuwa kazi ya kuwahifadhi viumbe.

Mchoraji aliyeitwa kwa jina la kijiji

Mtoto wa Cookham anayejulikana kuliko wote ni Stanley Spencer, aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1891. Babu yake alikuwa mjenzi, na baba yake alifundisha muziki na kupiga kinanda kanisani. Aliposoma katika shule ya sanaa ya Slade huko London, alirudi nyumbani kwa treni kila jioni, hata wenzake wakampa jina la utani la "Cookham".

Mwaka 1915 alikuwa akichora picha ya shughuli ya batamaji alipoiacha na kujiunga na jeshi kama mhudumu wa wagonjwa. Alipelekwa Macedonia, na baadaye akawa askari wa miguu. Ndugu yake Sydney aliuawa vitani mwaka 1918. Stanley aliporudi aliikuta picha yake ilivyo, sehemu ya juu imekwisha, ya chini bado. Aliimaliza mwaka 1919.

Kati ya mwaka 1924 na 1927 alichora picha kubwa, yenye upana wa zaidi ya mita tano, inayoonyesha ufufuo wa wafu. Hakuuweka Yerusalemu. Aliuweka katika makaburi ya kanisa la Cookham, na wanaofufuka ni majirani zake. Katikati yao aliweka kundi la watu weusi wakiinuka kutoka ardhi iliyokaushwa na jua. Waweza kubishana naye juu ya namna alivyotuwaza sisi tuliokuwa mbali naye, lakini kwake siku ya mwisho ya dunia nzima ilianzia katika kiwanja cha kanisa la kijijini kwao, nasi tukiwemo.

Alifariki mwezi Desemba 1959. Mwaka 1962 kanisa dogo la Wamethodisti, alikopelekwa kusali utotoni, lilifunguliwa kuwa nyumba ya kuonyeshea picha zake. Humo limo hata gari la kusukumia mtoto alilobebea rangi na turubai zake akizunguka kijijini.

Ardhi ya wote

Nimeacha jambo ninaloliona kubwa kuliko yote hadi mwisho. Uwanja wa Moor na malisho mengine ya Cookham na Maidenhead yalikuwa ya mabwana wa ardhi, ingawa wananchi waliyatumia tangu zamani. Mwaka 1934, nyumba zikizidi kujengwa kutoka London kuelekea magharibi, wakazi walichanga fedha, wakayanunua, kisha wakayakabidhi kwa shirika la taifa la kuhifadhi urithi. Hawakugawana viwanja. Kwa hiyo hata leo, ingawa nyumba za Cookham ni ghali na kijana wa kawaida hupata taabu kupata ya kwake, hakuna awezaye kumfukuza mtu anayetembea katika Moor.

Ndugu zangu, Cookham haina ajabu ambayo vijiji vyetu havina. Nasi tunayo mito na vivuko, kesi za ardhi, makaburi ya wazee na malisho yaliyotumiwa na wote. Tofauti ni kwamba wenzetu waliandika, wakachora, wakachimba, na pale ilipobidi wakachanga. Kwa vijana nasema hivi: likizo ijayo chukueni daftari. Waulizeni wazee nani alimiliki kivuko, malisho yaliishia wapi, na shauri liliamuliwaje. Andikeni majina na miaka. Na sisi wahitimu tuwe tayari kuyachapa katika kurasa hizi, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.