Orodha ya nchi hatari na siku Ulaya ilipoikataa orodha yake yenyewe

Juni 10, 2025, Kamisheni ya Ulaya ilitangaza kuiingiza Kenya katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi. Siku tatu baadaye Tanzania ikatolewa katika orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu chenye makao yake Paris, ilimokuwamo tangu Oktoba 2022.

FATF iliundwa na mataifa saba tajiri mwaka 1989, hofu ya wakati huo ikiwa fedha za dawa za kulevya. Ugaidi ukaongezwa baada ya Septemba 11, 2001. Orodha yake ya kwanza, ya Juni 2000, ilitaja nchi na maeneo 15, kuanzia kisiwa cha Nauru hadi Urusi. Kenya na Tanzania nazo ziliwahi kuorodheshwa, zikatoka pamoja Juni 2014.

Umoja wa Ulaya ulianza orodha yake mwaka 2016, nayo ilikuwa kivuli cha ile ya FATF. Bunge la Ulaya likachoka na kuiga huko, likaitaka Kamisheni ifanye uchunguzi wake yenyewe.

Kamisheni ilitii, na hapo ndipo moto ulipowaka. Februari 13, 2019, Kamishna wa Sheria Věra Jourová alitangaza majina 23. Ghana, Botswana, Ethiopia na Nigeria zilikuwamo, na hilo halikumshtua mtu. Ila zilikuwamo pia Saudi Arabia na maeneo manne ya Marekani: Puerto Rico, Guam, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Virgin. Siku hiyo hiyo Wizara ya Fedha ya Marekani iliikataa orodha hiyo na kuziambia benki zake zisiifuate. Mfalme Salman akawaandikia barua viongozi wa Ulaya. Machi 7, Baraza la nchi wanachama likaitupa orodha nzima kwa kauli moja, likieleza kuwa utaratibu wake haukuwa wa wazi na haukuheshimu haki ya nchi husika kusikilizwa.

Orodha mpya ilipotoka Mei 2020, Saudia na maeneo ya Marekani hayakuwamo. Ghana na Botswana zilibaki, na Mauritius ikaongezwa. Ni kweli kwamba hizo zilikuwa tayari katika orodha ya FATF, lakini Saudia ilikuwa imekwisha kupewa uanachama kamili wa FATF Juni 2019, huku Afrika nzima ikiwakilishwa humo na Afrika Kusini peke yake. Sisi wengine wa mashariki na kusini mwa Afrika hupitia ESAAMLG, chombo cha kanda cha kupambana na utakatishaji fedha kilichoasisiwa Arusha mwaka 1999, chenye makao Dar es Salaam, na ambacho wananchi wengi hawajawahi hata kukisikia.

Gharama ya kuorodheshwa haimwangukii waziri. Humwangukia mfanyabiashara wa maua au kahawa, ambaye benki ya Ulaya sasa inalazimika kumhoji zaidi: mmiliki halisi wa kampuni ni nani, fedha zimetoka wapi, zinakwenda kufanya nini. Kenya ina kazi ya kurekebisha sheria na usimamizi wake, na iifanye. Lakini hati ya Baraza ya Machi 2019 ipo, na haki ya kusikilizwa iliyoandikwa humo ndiyo Nairobi inayopaswa kwenda kuidai Brussels.