Furaha ya Mwongozaji: Vinnette Carroll, Langston Hughes na Mchezo wa Krismasi wa Mwaka 1961

Utangulizi

Mchezo wa sikukuu una tatizo ambalo tamthilia nyingi hazina. Hadhira huingia ukumbini ikiujua mwisho kabla taa hazijazimwa. Hakuna asiyejua kwamba mtoto atazaliwa horini, kwamba wachungaji watakuja mbio, na kwamba mamajusi wataifuata nyota. Taharuki, ambayo ni silaha kuu ya mtunzi wa tamthilia, imekwisha kupotea. Pamoja na hayo, kila ifikapo Desemba wako waongozaji wanaourudia mchezo wa namna hiyo, na wengi wao huurudia kwa furaha isiyofichika. Mhadhara huu unakusudia kuchunguza chimbuko la furaha hiyo kwa kuangalia historia ya mchezo mmoja, yaani Black Nativity wa Langston Hughes, ulioongozwa kwa mara ya kwanza na Vinnette Carroll mjini New York mwaka 1961.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba furaha hiyo hutokana na tendo la kukabidhi. Mwongozaji hupokea kisa ambacho ni mali ya wote, akawakabidhi watu ambao kwa muda mrefu walikisikia kwa sauti za wengine, kisha akakaa akisikiliza kikirudi kwa sauti zao wenyewe. Jambo hili si geni kwa wanafunzi wa sanaa za Waswahili. Maulidi ya Barzanji, matini ya Kiarabu ya karne ya 18, yamesomwa katika mwambao wa Afrika Mashariki kizazi baada ya kizazi. Hakuna aendaye kwenye maulidi ili ajue kilichotokea. Watu huenda kusikia nani atasoma safari hii na jinsi waitikiaji watakavyopokea. Katika maulidi ya homu ya Unguja, wasomaji huyumba pamoja kwa mpangilio kufuata matari, na miili yao ikawa sehemu ya matini. Kinachorudiwa ni kile kile. Kinachotendeka ni kipya.

Matini yenye nafasi wazi

Langston Hughes alikwisha kuwa mshairi mashuhuri wa Harlem kwa zaidi ya miaka thelathini alipoingia katika utunzi wa michezo ya nyimbo za injili. Black Nativity una sehemu mbili. Ya kwanza inasimulia kuzaliwa kwa Yesu kwa kufuata Injili ya Luka. Ya pili inaihamisha hadhira kutoka Bethlehemu hadi ibada ya kanisa la Wamarekani Weusi wa wakati wa Hughes, ambako habari ya kuzaliwa huko inatangazwa na kushangiliwa.

Anayeisoma matini hiyo huweza kushangaa jinsi maneno yalivyo machache. Msimulizi anaunganisha matukio, lakini uzito mkubwa umewekwa katika nyimbo, nyingi zikiwa ni za mapokeo. Mariamu na Yusufu hawazungumzi, bali wanacheza ngoma. Safari yao, uchovu wao na kunyimwa kwao mahali pa kulala vyote vinaelezwa kwa mwili. Kwa kipimo cha tamthilia ya maandishi, mchezo huu unaweza kuonekana kuwa mifupa mitupu. Kwa kipimo cha sanaa za maonyesho, ambamo matini hukamilika mbele ya hadhira tu, mifupa hiyo ni uamuzi wa makusudi. Hughes aliacha nafasi wazi ili fanani aijaze.

Na mafanani waliopatikana walikuwa na cha kuijazia. Marion Williams alikuwa amejijengea jina katika kundi la Clara Ward kabla ya kuanzisha kundi la Stars of Faith. Princess Stewart alikuwa mwimbaji wa injili mwenye sauti nzito. Alex Bradford, mzaliwa wa Alabama, alikuwa mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa kwaya. Hawa walitoka katika makanisa na majukwaa ya muziki wa injili, wala hawakuhitaji kufundishwa namna ya kumfanya msikilizaji aitikie. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yao tangu utotoni.

Mwongozaji na maandalizi yake

Vinnette Carroll alizaliwa New York mwaka 1922, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Jamaica. Alisomea saikolojia hadi shahada ya uzamili na akafanya kazi ya kuwahudumia watoto kwa taaluma hiyo kabla ya kujitosa katika sanaa. Alijifunza uigizaji kwa Erwin Piscator, mwongozaji wa Kijerumani aliyekuwa uhamishoni Marekani. Nafasi za waigizaji weusi wa kike zilikuwa chache na duni, hivyo Carroll akajitengenezea onyesho la mtu mmoja na kuzunguka nalo. Tangu mwaka 1955 alifundisha uigizaji katika shule ya sekondari ya sanaa za maonyesho mjini New York.

Mafunzo yake kwa Piscator yana maana katika mada hii. Piscator alikuwa miongoni mwa waasisi wa jukwaa ambalo halimfichi mtazamaji kwamba yuko ukumbini, mkondo ambao Bertolt Brecht aliuendeleza. Ni mkondo huo huo uliokuja kumgusa Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjekitile (1969), aliyefanya utafiti wake wa udaktari kuhusu maendeleo ya tamthilia ya Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin. Carroll na Hussein walitofautiana sana katika siasa na mazingira, lakini kila mmoja alikuta kwao kile ambacho wananadharia wa Kijerumani walikuwa wakikitafuta, yaani msimulizi, kiitikio, ngoma, na hadhira isiyokaa kimya.

Kwa hiyo kazi ya Carroll haikuwa kuwabadilisha waimbaji wa injili wawe waigizaji wa kawaida. Ilikuwa kuyapa mpangilio yale waliyokuja nayo, na kuamua ni lini wimbo uachwe upande na ni lini ukatwe, ni lini ngoma inyamaze ili msimulizi asikike. Waimbaji wa aina hiyo huongozwa na pumzi ya hadhira; wimbo wa usiku huu hauwi na urefu wa wimbo wa jana. Mwongozaji anayetaka kila kitu kiwe kama alivyokipanga atateseka katika mchezo kama huo. Anayeweza kufurahi ni yule aliyekubali kwamba kazi yake ni kujenga nyumba ambayo wengine wataishi.

Mgogoro wa jina

Furaha hiyo haikuja bure. Mchezo ulikuwa na jina jingine hapo awali, lililohusu ukuu wa siku ile ya kuzaliwa. Lilipobadilishwa kuwa Black Nativity, wachezaji ngoma wawili maarufu waliokuwa wamo katika mchezo, Alvin Ailey na Carmen de Lavallade, walijitoa kabla ya onyesho la kwanza kwa sababu hawakukubaliana na jina hilo.

Msomaji wa leo anaweza kuwahukumu haraka, na hukumu hiyo haitakuwa ya haki. Ailey hakuwa mtu aliyekimbia asili yake. Karibu miaka miwili kabla, Januari 1960, alikuwa amezindua Revelations, ngoma iliyojengwa juu ya nyimbo za kidini za Wamarekani Weusi na ambayo imekuwa kazi yake inayojulikana kuliko zote. Mwaka 1961 neno la heshima lilikuwa Negro, na neno linalomaanisha “mweusi” lilikuwa bado na uchungu wa tusi masikioni mwa wengi. Halikugeuka kuwa neno la kujivunia mpaka miaka kadhaa baadaye, wakati wito wa Nguvu ya Watu Weusi uliposikika mwaka 1966. Pande zote mbili zilikuwa zikilinda heshima ya watu wale wale, kwa njia mbili zilizopingana.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 11 Desemba 1961 bila ya wachezaji hao. Siku mbili kabla, tarehe 9 Desemba, bendera ya Tanganyika huru ilikuwa imepandishwa Dar es Salaam. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja na haifai kuyaunganisha kwa nguvu. Hata hivyo, yalitokea katika majira ambamo watu weusi wa pande zote za Atlantiki walikuwa wakijiuliza swali moja: nani ana haki ya kutuita, na kwa jina gani?

Spoleto na Makerere, 1962

Maonyesho ya New York yalidumu majuma machache. Katika majira ya joto ya mwaka 1962 mchezo ulipelekwa Spoleto, Italia, katika tamasha lililoanzishwa na mtunzi wa muziki Gian Carlo Menotti, na mwaka huo huo ukaonyeshwa London. Watazamaji wa Ulaya, waliozoea kuuona uzawa wa Kristo katika michoro ya makanisa yao, walipata kumwona Mariamu mweusi akicheza ngoma.

Juni mwaka huo, Hughes mwenyewe alikuwa Kampala, katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere. Mkutano huo uliwakusanya Waafrika walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo huo, hangeweza kualikwa kwa kigezo hicho, na Ngũgĩ wa Thiong’o alikuja kuikosoa kasoro hiyo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra. Kuna kinaya hapa kinachostahili kutafakariwa. Mgeni huyo kutoka Marekani alikuwa ametoka kuthibitisha jukwaani kwamba kisa kitukufu hakipungui utukufu kinaposimuliwa kwa lugha ya watu wa kawaida. Alikaribishwa katika mkutano ambao haukuwa na kiti cha mshairi mkubwa wa Kiswahili.

Fundisho hilo lilifika katika tamthilia ya Kiswahili kwa njia yake lenyewe. Wasanii kama Penina Muhando na Amandina Lihamba waliingiza ngoma, wimbo na usimulizi katika kazi zao kwa sababu hizo ndizo njia ambazo hadhira yao ilikuwa ikizitumia kufikiri, si kwa sababu ya kuiga Harlem wala Berlin.

Kurudia kila mwaka

Carroll aliurudia mkondo huu katika maisha yake yote ya kazi. Mwaka 1965 aliongoza mchezo mwingine wa Hughes, unaohusu mwana mpotevu. Mwaka 1972, kwa kuongoza Don’t Bother Me, I Can’t Cope wa Micki Grant, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwamerika Mweusi kuongoza mchezo katika Broadway. Baadaye alirudi kwenye Injili, safari hii ya Mathayo, akishirikiana tena na Alex Bradford, na mchezo huo ukafika Broadway mwaka 1976. Mtu harudii kazi ngumu kiasi hicho kwa ajili ya wajibu tu. Carroll alifariki mwaka 2002.

Nyumba ya kudumu ya Black Nativity, hata hivyo, ilijengwa Boston. Huko, Elma Lewis, mwalimu aliyekuwa amefungua shule ya sanaa katika mtaa wa Roxbury mwaka 1950, aliufanya mchezo huo kuwa desturi ya kila Krismasi tangu mwaka 1970, akisaidiwa na kiongozi wa muziki John Andrew Ross. Kikundi chao kilikuwa na washiriki zaidi ya 100, wengi wakiwa watoto na watu wa mitaani wenye kazi zao za mchana. Kwa Lewis, mazoezi yenyewe yalikuwa shule. Mtoto aliyejifunza kusimama kwenye mstari wa kwaya alijifunza pia kwamba kisa kikubwa kuliko vyote alivyosikia kanisani kina nafasi ya uso wake. Lewis alifariki mwaka 2004 na Ross mwaka 2006, lakini mchezo uliendelea kuonyeshwa baada yao.

Hata sinema ilijaribu kuingia katika nafasi iliyoachwa wazi. Mwaka 2013 Kasi Lemmons alitoa filamu yenye jina hilo hilo, akibuni kisa kipya cha kijana wa Baltimore anayepelekwa Harlem kwa babu na bibi yake wakati wa Krismasi. Matini iliyojaa maneno isingemruhusu kufanya hivyo.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba udumifu wa mchezo wa sikukuu hautokani na ukamilifu wa matini. Hughes aliandika kidogo, Carroll akapanga bila kuziba, na Lewis akawapa watoto wa jirani. Kila mmoja alipunguza umiliki wake ili mwingine apate pa kusimama, na jina lenyewe la mchezo liliwagharimu wachezaji wawili ambao mwongozaji yeyote angewatamani.

Kwa watafiti wa sanaa za maonyesho za Waswahili, ambao mara nyingi hupima thamani ya tamthilia kwa upya wa kisa chake, hapa pana kipimo kingine. Yafaa kuuliza ni mara ngapi mchezo unaweza kurudiwa na nani hupata sauti kila unaporudiwa. Msomaji wa maulidi na kiongozi wa kwaya ya Roxbury wangelielewa swali hilo bila kufafanuliwa. Naye mwongozaji, akiwa amesimama gizani kando ya jukwaa na hana tena la kufanya, huijua furaha yake pale waitikiaji wanapopokea kwa namna ambayo yeye hakuipanga.