Nusu Maili na Mwisho wa Mfereji

Mwaka 1941 serikali ya Waingereza ilitenga ukanda wenye upana wa takriban nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu wa Kilimanjaro, pale msitu unapopakana na vihamba (mashamba ya familia yanayozunguka nyumba), ikauweka chini ya baraza la Wachaga. Humo watu walipata kuni, majani ya ng'ombe na mbao za kujengea, kwa masharti. Msitu wa juu, uliokwisha kuhifadhiwa rasmi tangu 1921, ulibaki mikononi mwa serikali. Mpaka leo eneo hilo huitwa "nusu maili". Wanaohimiza sasa kwamba mipango ya taifa ya kuhifadhi bayoanuai izingatie pia uwezo wa jamii kuhimili misukosuko huandika kana kwamba wazo hilo ni la juzi. Kilimanjaro ilishalijaribu, nami naona kilicholiangusha ni kwamba walioaminiwa walikuwa wachache mno, tena wa juu tu.

Ushahidi wa kwanza umo vihambani. Watafiti wa mimea wamehesabu humo zaidi ya aina 500, nyingi zikiwa za kujiotea, chini ya kivuli cha mringaringa na mruka, pamoja na migomba na kahawa. Hakuna ofisi iliyopanga hayo. Yalitokana na familia kuhitaji kivuli, kuni, dawa na chakula cha mifugo mahali pamoja, na maji ya mfongo (mfereji wa jadi) yaliyogawanywa kwa zamu na wenye mfongo wenyewe, ambao ndio walioamua nani afungulie lini na nani atozwe faini kwa kukosa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Ila haukuwa mfumo wa wote. Kwa mila, mwanamke hakukaribia banio la mfongo wala hakurithi kihamba, ingawa ndiye aliyepandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, mzigo kichwani. Anayeusifu mfumo huo bila kutaja hilo anasifu nusu yake.

Mpinzani atasema nusu maili iliharibiwa na wenyeji wale wale. Ni kweli miti mingi ilikatwa. Lakini tuulize, nani alikuwa na mamlaka ya kuzuia? Uchifu ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, halmashauri za wilaya zikavunjwa mwaka 1972. Mlinzi alifukuzwa kwanza, halafu akalaumiwa kwa wizi. Na msitu wa juu, ambao mwananchi hakuwa na kauli juu yake, haukusalimika: serikali ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili mwaka 1984, lakini uchunguzi wa angani wa 2001 ulikuta maelfu ya miti imekatwa kinyume cha sheria, mkamfa ukiwa umeandamwa kuliko yote. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa, ambayo tangu 1973 ilianzia mita 2,700, ilipanuliwa hadi kuuchukua msitu. Ulinzi ulikazwa, na kulikataa hilo ni ukaidi. Gharama yake ilimwangukia mwanamke aliyezoea kuingia msituni kutafuta kuni na majani.

Tushuke Chekereni, kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, ambako gharama ya kuwaacha watu nje ya maamuzi yaonekana wazi zaidi. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi kwa mkopo wa Japani: hekta zipatazo 2,300, kati yake 1,100 za mpunga, kwa maji ya mito Njoro na Rau, katika vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni. Mavuno yalifikia tani 6 kwa hekta na zaidi. Mafanikio hayo hayo yakazua ugomvi. Wakulima wa upande wa juu, ambao ramani ya mradi haikuwataja, waliuona mpunga, wakayaelekeza maji kwenye majaruba yao. Walikuwa na hoja: mto huwafikia wao kwanza. Maji yakapungua kwa walio mwisho wa mfereji, na eneo la mpunga ndani ya mradi likasinyaa. Wahandisi walipiga hesabu ya saruji, mbegu na mbolea, wakamsahau jirani. Na jirani mwingine ni Msitu wa Rau, makazi ya msoo, mti adimu sana duniani, unaoishi kwa maji ya chini ya tambarare hiyo hiyo. Mkulima aliyekaukiwa jaruba hutafuta unyevu, na unyevu umo msituni.

Wapo wanaosema kumshirikisha kila mtu kunachelewesha kazi. Lower Moshi haikucheleweshwa na vikao vya majirani, na ugomvi wake umedumu kuliko ujenzi wake.

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa bayoanuai mwaka 1996. Mfumo wa mkataba huo uliokubaliwa Montreal Desemba 2022 una shabaha 23, na ya 22 inadai ushiriki kamili wa jamii za wenyeji, wanawake na vijana katika maamuzi. Kwa Kilimanjaro, shabaha hiyo itimizwe hivi: kabla mpaka mwingine haujachorwa au kibali kingine cha maji hakijatolewa, KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro), wasimamizi wa Msitu wa Rau na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani wakae meza moja na wenye mifongo, wanawake wanaokata majani na wakulima wa mpunga wa Chekereni, kila upande ukiwa na kura.