Bwana shamba alitoweka kabla ya kompyuta kufika

Siku hizi kila kikao kinachozungumzia akili unde huishia kwenye swali lile lile: je, mashine zitatunyang'anya kazi? Swali ni la haki. Mei 2023, huko Kericho, hasira juu ya mashine za kuchuma chai ilifika hadi watu wakazichoma moto. Lakini upande wetu wa Mlima Kenya, Meru na Embu, ipo kazi iliyoondoka vijijini bila mashine yoyote kuletwa, na historia yake inaeleza mengi kuhusu hofu ya leo. Ni kazi ya bwana shamba, yaani ofisa wa kilimo wa serikali.

Mwanzoni hakupendwa. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, ilipowafungulia mlango wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru, tena kwa masharti makali na ukaguzi wa kila mara. Aliyekuja kukagua ni bwana shamba, na alikuja na amri, si ushauri. Uhusiano huo ulianza kubadilika baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliofungua kahawa, chai na ng'ombe wa gredi kwa wakulima Waafrika wengi. Mkulima mwenye mikahawa yake na hatimiliki yake alikuwa na sababu ya kumwita mtaalamu nyumbani mwenyewe.

Baada ya uhuru, maofisa wengi walipitia chuo cha mafunzo ya kilimo pale Embu. Walichofundishwa huwezi kukiona kwa kutazama jani peke yake. Ukigeuza jani la mkahawa ukakuta unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni, hiyo ni kutu, na hata mtoto anaweza kuonyeshwa. Ila jani likiwa la manjano tu, kazi ndiyo kwanza imeanza. Bwana shamba hodari alipiga magoti, akafukua udongo kwenye shina, akachokoa gome kwa kisu aone kama ndani pameoza, akauliza mbolea iliwekwa lini na mvua ilinyesha vipi. Ndipo akasema neno. Wakati mwingine tatizo lilikuwa maji yaliyotuama kwenye mizizi, na dawa isingehitajika hata tone.

Mapema miaka ya 1980, Benki ya Dunia ilifadhili mfumo wa mafunzo na ziara, uliomtaka ofisa awazungukie wakulima teule kwa ratiba maalumu. Ulikuwa mfumo ghali. Mikopo ilipopungua na serikali ikabanwa na masharti ya kupunguza watumishi katika miaka ya 1990, ajira mpya zilisimama, pikipiki zikakosa mafuta, waliostaafu hawakupata warithi. Tathmini ya Benki yenyewe ilikiri kwamba mfumo haukuweza kujiendesha kifedha. Kilimo kilipohamishiwa kaunti mwaka 2013, ofisa mmoja alikuwa akihesabiwa wakulima zaidi ya 1,000, ilhali kipimo kinachopendekezwa ni 400. Chuo cha Embu nacho kilikuwa kimegeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. 

Nafasi iliyoachwa na bwana shamba haikukaa wazi. Ugonjwa wa mahindi wa MLN ulipozuka Bomet mwaka 2011 na kusambaa, kisha viwavijeshi vamizi vikaingia nchini mwaka 2017, mkulima alibeba jani lake hadi dukani kwa agroveti. Wapo wauzaji waaminifu na wenye ujuzi. Hata hivyo, mshauri anayeishi kwa kuuza dawa ana sababu ndogo sana ya kukwambia usinunue dawa.

Simu janja ilikuja wakati huo. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera, hata pasipo intaneti. Ilifunzwa kwa picha zilizopigwa kwenye mashamba ya utafiti ya Bagamoyo, Tanzania, na wataalamu wa mimea ndio waliosema kila picha ina ugonjwa gani. Maana yake, ujuzi uliomo simuni ni wa watu waliopiga magoti shambani. Mkulima wa Mbeere mwenye muhogo wenye batobato ananufaika nao, na singependa anyimwe. Lakini kamera haichokoi gome wala haifukui udongo, na magonjwa mapya yatahitaji tena macho ya kuyatambua kwanza.

Kinachonitia wasiwasi, basi, ni bajeti kuliko mashine. Ni rahisi mno kwa serikali iliyoshindwa kuajiri maofisa wa kutosha kwa miaka mingi kusema sasa simu inatosha. Bwana shamba aliyekupotosha ulimjua kwa jina, na mkubwa wake alikuwa na ofisi ambako ungeweza kubisha hodi. Programu ikikosea kipimo cha dawa, ikaunguza ekari nzima ya maharagwe huko Runyenjes, mwenye shamba anahitaji mtu wa kumwendea, mwenye dhamana na mshahara wa umma. Wawakilishi wa wadi wa Meru na Embu wanapaswa kuulizwa hivi wanapopitisha fedha za programu: maofisa wangapi wataajiriwa pamoja nayo, na katika wadi zipi?