Kampuni Ikizama, Bosi Ni Nani?

Nilijua programu yetu inakufa kabla mabosi hawajatangaza. Foleni ndiyo iliniambia.

Kazi ilikuwa kukagua mazungumzo kwenye programu fulani ya kuchati. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nikarudi Machakos na laptopu ya mtumba. Kila zamu nilifungua foleni ya ripoti: matusi, picha za uchi, utapeli. Mwanzoni nilipata ripoti 300 kwa zamu. Miezi sita baadaye, 80. Ungedhani watu wameshika adabu. Wapi! Watu walikuwa wamehama. Waliobaki walikuwa matapeli, na wapweke waliokuwa wakitapeliwa.

Halafu malipo yakaanza kuchelewa. Ijumaa ikawa Jumanne, Jumanne ikawa "mwisho wa mwezi". Asubuhi moja nikaandika nenosiri langu, likakataa. Hakuna simu, hakuna barua. Nilikuwa nadai miezi miwili. Mkandarasi wa Nairobi akaniambia ningoje kampuni ya ng'ambo. Kampuni ya ng'ambo ikajibu kwamba haina mkataba wowote na mimi.

Nikiwa sina kazi, nikaanza kusoma historia ya mji huu. Hapa kila mtu ameshasikia kwamba Machakos ingekuwa kama Nairobi, lau si reli. Kinachosahaulika ni kwamba Waingereza walioweka kituo hapa mwanzo walikuwa watu wa kampuni. Imperial British East Africa Company ya William Mackinnon ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikaweka kituo katika nchi ya Masaku, mahali ambapo misafara ya Uganda ilinunua chakula kwa Wakamba. John Ainsworth alipokabidhiwa kituo hicho mwaka 1892, kampuni tayari ilikuwa inaishiwa. Uganda ilikula pesa kuliko biashara ilivyoingiza, na walioamua iachwe au ishikiliwe walikuwa London.

Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua kila kitu. Kampuni ikafidiwa pauni 250,000. Ainsworth akaendelea na kazi palepale Machakos, sasa akiwa afisa wa serikali. Na mapagazi, waliobeba mizigo ya karibu kilo 30 kutoka pwani? Katika vitabu nilivyosoma, Ainsworth ana jina. Wao wana idadi. Reli ilipofika Nairobi Mei 1899, ikiwa imeupita mji wetu kwa mbali, Ainsworth akahamia huko na ofisi yake. Machakos ikabaki na milima yake ya Iveti.

Nilisoma hayo nikiwa bado naangalia simu kama pesa yangu imeingia. Miaka zaidi ya 100 baadaye, kampuni ikiyumba ng'ambo, habari inakufikia ukiwa wa mwisho.

Lakini Nairobi kuna wenzangu waliokataa yaishe hivyo. Tangu 2019, kampuni ya Sama ilikuwa inakagua maudhui ya Facebook kutoka Nairobi, ikiajiri vijana wa Kenya, Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko. Walitazama mauaji na ukatili wa kingono ili sisi tusiuone. Februari 2022 jarida la TIME liliandika kwamba wengine walilipwa kama dola 1.50 kwa saa. Mei mwaka huo Daniel Motaung, aliyefutwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, akashtaki.

Mwaka huohuo Meta ilikuwa inayumba. Februari ilitangaza kwamba wanaotumia Facebook kila siku wamepungua, mara ya kwanza katika historia yake. Novemba ikafuta watu zaidi ya 11,000. Januari 2023 Sama nayo ikasema inaacha kazi ya ukaguzi. Wakaguzi kama 260 wakaambiwa waage. Meta ilisimama tena baadaye, na hisa zake zikapanda. Wale wa Nairobi hawakurudishwa.

Machi 2023 wakaguzi wakaenda mahakamani, na baadaye idadi yao ikafika 184. Jibu la Meta lilinikumbusha barua pepe yangu: kwamba haina makao wala biashara Kenya, basi haiwezi kushtakiwa hapa. Mahakama ya Ajira ilikuwa imeshaikataa hoja hiyo Februari katika kesi ya Motaung, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kesi zinaweza kuendelea. Desemba hiyo zikatolewa ripoti za daktari zilizopelekwa mahakamani: zaidi ya wakaguzi 140 wana ugonjwa wa akili unaoletwa na kiwewe.

Uamuzi huo haukumlipa mtu hata shilingi. Ulisema tu kwamba swali la nani mwajiri linaweza kuulizwa Kenya, mbele ya jaji. Kwangu hilo si dogo. Kampuni ikizama, kitu cha kwanza kupotea ni bosi. Jana alikuwa anahesabu dakika zako za kwenda msalani, leo hakujui.

Na hao wenzetu walifanya jambo ambalo sioni mapagazi wakipata nafasi ya kulifanya: waliandikisha majina yao. Siku ya Mei Mosi 2023, wakaguzi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Mimi bado nadai. Mkataba wangu una jina la mkandarasi peke yake. Ile programu haitajwi popote. Kwa hiyo nimefungua faili kwenye laptopu, nimeandika kila zamu ninayoikumbuka, tarehe na saa, pamoja na picha za skrini chache nilizokuwa nimehifadhi. Siku mtu akiniuliza bosi wangu alikuwa nani, nitakuwa na pa kuanzia.